Barua ya wazi kwa wanaotuuzia dawa za kulipia kila mwezi mtandaoni

KWA: Mkurugenzi Mkuu wa kampuni inayonihudumia kwa tiba mtandao

NAKALA: Mamlaka zinazosimamia dawa, na mamlaka zinazosimamia ushindani wa biashara na kumlinda mlaji

YAH: GHARAMA ZISIZOJULIKANA MWISHO WAKE ZA DAWA ZA KULIPIA KILA MWEZI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa sindano za kupunguza uzito, zenye dawa iitwayo semaglutaidi. Malalamiko yangu niliyapeleka kwanza kwa huduma kwa wateja kupitia programu yenu ya simu, kisha kwa barua pepe, kisha nikaomba kuongea na msimamizi. Majibu yalikuja na adabu nyingi: asante kwa kuwasiliana nasi, tunathamini maoni yako. Chini yake palikuwa na kiungo cha kunirudisha kwenye ukurasa uleule niliokuwa naulalamikia. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la kampuni yenu nimeliacha kwa makusudi, maana nimewasikia wenzangu wanaotumia kampuni nyingine wakilia kilio hikihiki. Anayehusika atajijua.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na tiba mtandao yenyewe. Kuna watu wasingethubutu kumweleza mtu ana kwa ana kuhusu nguvu za kiume, upara au sonona, na leo wanatibiwa kwa sababu ya simu. Daktari wenu aliyenihoji aliuliza maswali ya maana: kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kupata saratani ya tezi ya shingo, kama nimewahi kuugua kongosho. Huyo nampa heshima yake. Ugomvi wangu uko kwenye bei, na hasa bei ya mwezi wa pili na kuendelea.

1. Bei mnayoitangaza ni ya dozi ambayo haikusudiwi kuwa ya kudumu.

Semaglutaidi haianzwi kwa dozi kamili. Mgonjwa wa Wegovy, jina la kibiashara la sindano ya semaglutaidi ya kupunguza uzito, kwa utaratibu wa kawaida huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kisha 0.5, kisha 1, kisha 1.7, ndipo afike 2.4. Kila hatua ni wiki 4, kwa hiyo dozi kamili inafikiwa baada ya wiki 16. Ile 0.25 ya mwanzo kazi yake ni kuuzoesha mwili ili kichefuchefu na kutapika visimshinde mtu. Si dozi ya kupunguza uzito.

Sasa litazameni tangazo lenu wenyewe. Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya 0.25, tena ikiwa imeshakatwa punguzo la mteja mpya. Hakuna mahali kwenye ukurasa ule panaposema dozi ikipanda na bei inapanda. Hilo nililiona siku dozi ilipopanda, kwenye ujumbe wa benki wa makato, kabla hata boksi halijafika. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba taarifa hizo zipo kwenye vigezo na masharti. Zipo, kweli. Zimo katikati ya aya inayozungumzia migogoro na usuluhishi, ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kwenda kutafuta bei ya dawa.

Na tusijidanganye kwamba hii ni dawa ya miezi mitatu. Washiriki wa STEP 1, utafiti uliopima semaglutaidi kwa kupunguza uzito, waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepunguza, ndani ya mwaka mmoja tu. Daktari wenu mwenyewe aliniambia nijiandae kwa tiba ya muda mrefu. Kama tiba ni ya muda mrefu, basi na bei isemwe kwa muda huohuo. Mtu anayepanga bajeti yake kwa bei ya mwezi wa kwanza atakwama mwezi wa tano, pale dawa inapofika kwenye dozi yake ya kazi.

Mchezo huu hauko kwenye sindano peke yake. Finasteridi ya upara huhitaji kumezwa kila siku kwa miezi 3 au zaidi kabla mtu hajaona chochote kichwani, na akiiacha, faida yote hupotea ndani ya miezi 12. Ofa ya mwezi wa kwanza kwa dawa ya namna hiyo inakwisha kabla mgonjwa hajajua kama dawa inamfaa. Anayeweka ofa hizo anajua kalenda ya dawa kuliko anayeinunua.

2. Ankara yenu ina mstari mmoja.

Ninayo mbele yangu. Ina tarehe, ina tarakimu nne za mwisho za kadi yangu, na ina mstari unaosema: "Mpango wa matibabu, malipo ya kila mwezi." Basi.

Ndani ya mstari huo kuna dawa, kuna daktari, kuna usafirishaji wa boksi la baridi, kuna sindano zenyewe na kopo la kutupia zilizotumika, na kuna kitu mnachokiita uanachama. Kipi ni kiasi gani? Nimeuliza. Nimeambiwa mpango hauvunjwi vipandevipande. Lakini mimi bila vipande hivyo siwezi kufanya mambo mawili ya msingi. Siwezi kupeleka madai kwenye bima, kwa sababu bima inataka kujua imelipia dawa gani, dozi gani, kiasi gani. "Mpango wa matibabu" haumo kwenye orodha yao. Na siwezi kwenda famasi ya kawaida kuulizia dawa ileile nikalinganisha.

Hili la kulinganisha linaumiza zaidi kwenye dawa za zamani. Finasteridi iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya upara mwaka 1997, na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ikafuata mwaka 1998. Hataza zake, yaani haki za kampuni moja kuzitengeneza peke yake, ziliisha, viwanda vingi vinazitengeneza, na vidonge vyenyewe ni rahisi. Mteja anayelipia kifurushi cha dawa hizo kila mwezi anastahili kujua ni sehemu gani ya pesa yake inaenda kwenye kidonge na ni sehemu gani inaenda kwenye boksi zuri lenye utepe. Pengine ataona boksi lina thamani yake. Uamuzi ni wake, mpeni hesabu.

Halafu kuna suala la daktari. Alinihoji kwa video mwanzoni. Tangu hapo nimekuwa nikipokea fomu ya maswali: umepungua, unatapika, unaendelea? Najaza, nabonyeza, dawa inakuja. Je, ada ya daktari ninayokatwa kila mwezi ni ya fomu hiyo? Kama kuna mtu mwenye leseni anayeisoma, andikeni jina lake na tarehe aliyoisoma kwenye ankara. Kama hakuna, tuna tatizo kubwa kuliko la bei, na ndiyo sababu ya nakala niliyoipeleka kwa wanaosimamia dawa.

Kampuni nyingine zinafanya kinyume chenu na bado zinamchanganya mtu: zinatangaza ada ndogo ya uanachama, mteja anadhani dawa imo, kumbe dawa inalipiwa peke yake, vipimo vya damu peke yake, na kumuona daktari zaidi ya mara fulani peke yake.

3. Mwezi wenu si mwezi.

Hili ni fupi. Boksi lina sindano 4, yaani siku 28, nanyi mnakata kila baada ya siku 28. Mwaka una makato 13, wala si 12. Anayezidisha bei yenu mara kumi na mbili ili ajue ya mwaka anakosea kwa malipo mazima ya mwezi mmoja, na hakuna mahali mlipomwonya. Vilevile ile bei nafuu "kwa mwezi" kwenye ukurasa wa mbele inapatikana tu kwa anayelipa miezi mingi kwa mkupuo. Anayelipa mwezi kwa mwezi, ambaye mara nyingi ndiye hana uwezo wa kulipa kwa mkupuo, anauziwa kwa bei ya juu.

4. Mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea hauonekani.

Nilijiunga usiku, kwa simu, bila kuongea na mtu wa mauzo. Kujitoa ni hivi: unafungua Akaunti, unaingia Mpango Wangu, unabonyeza Simamia. Hapo kuna kitufe kikubwa cha rangi kinachosema "Ahirisha boksi lijalo". Chini yake kuna maandishi ya kijivu kwenye ukurasa mweupe: "Chaguo nyingine". Ukibonyeza hayo unaulizwa sababu. Ukitoa sababu unapewa punguzo. Ukikataa punguzo unaonyeshwa grafu ya uzito wako mwenyewe, na mstari mwekundu wa nukta ukipanda juu kuonyesha utakavyonenepa ukiondoka. Ukipita hapo, unaambiwa ombi lako litakamilishwa na mhudumu, saa za kazi, kwa simu.

Ujerumani tangu tarehe 1 Julai 2022 mikataba ya kudumu inayofungwa mtandaoni lazima iwe na kitufe cha kuivunja, mtandaoni hukohuko. Ufaransa ina sharti linalofanana na hilo tangu Juni 2023. Marekani ina sheria ya mwaka 2010, inayojulikana kwa kifupi kama ROSCA, inayomtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze masharti ya makato ya kujirudia kabla ya kuchukua namba ya kadi, na aweke njia rahisi ya kuyasimamisha. Kweli, kanuni mpya ya Tume ya Biashara ya huko, FTC, iliyotaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, ilitolewa Oktoba 2024 na ikafutwa na mahakama ya rufaa Julai 2025. Lakini ilifutwa kwa kasoro ya utaratibu uliofuatwa kuitunga, na sheria ya 2010 ipo palepale. Aprili 2024 tume hiyohiyo ilitangaza kwamba Cerebral, kampuni ya tiba mtandao ya afya ya akili, imekubali kulipa zaidi ya dola milioni 7, na miongoni mwa tuhuma ilikuwa ni kuwasumbua wateja waliotaka kujitoa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hili ni jambo dogo la muundo wa kurasa.

Ila kwenye dawa kuna ubaya ambao sheria hizi za jumla hazikuufikiria vizuri. Kifurushi cha filamu ukikikata leo, kesho hutaona filamu; yameisha. Ukikata kifurushi cha dawa, kwenu mnafunga vyote kwa pamoja: dawa, daktari, na hata ukurasa wenye kumbukumbu zangu. Anayetumia dawa za sonona haruhusiwi kuziacha ghafla. Anapunguziwa kidogo kidogo, la sivyo anaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, kukosa usingizi, na ile hali ya kuhisi shoti za umeme kichwani. Ni daktari gani atampangia kupunguza wakati mmeshamfungia mlango kwa sababu hajalipa? Mtu wa namna hiyo anaendelea kulipa kwa hofu. Nanyi kwenye vitabu vyenu mnamhesabu kama mteja aliyeridhika.

Hata asiyetaka kujitoa anaumia. Kadi ikiisha muda wake, au benki ikikataa makato kwa siku mbili, boksi linazuiwa. Kwenye semaglutaidi, mtu akikosa dozi mbili mfululizo au zaidi, huenda akalazimika kuanza upya tangu dozi ya chini. Maana yake miezi mingine ya kupandisha, na kila mmoja unalipiwa. Hitilafu ya siku mbili benki inaweza kumgharimu mgonjwa miezi ya tiba, na faida ya hitilafu hiyo inaingia kwenu.

5. Cheti changu cha dawa mmekishikilia.

Niliomba nakala ili niende nayo famasi ninayoitaka mwenyewe. Nikaambiwa dawa za mpango zinatolewa na famasi mshirika peke yake. Sasa daktari aliniandikia mimi au aliiandikia famasi yenu?

Kwenye miwani jambo hili lilitatuliwa zamani. Kanuni ya FTC ya mwaka 1978 iliwalazimisha wapimaji wa macho kumpa mgonjwa cheti chake mara wanapomaliza kumpima, bila yeye kuomba na bila kumtoza ziada, ili akanunue miwani popote anapotaka. Lenzi za machoni zikafuata miaka ya 2000. Hapo waliiona hatari ya anayeandika cheti kuwa ndiye anayeuza. Hakuna sababu ya mvaa miwani kulindwa kuliko mtu anayejidunga dawa tumboni.

6. Bei yenu inategemea mambo ambayo hamtuambii.

Wengi Marekani walijiunga na vifurushi vya semaglutaidi ambayo famasi zenyewe zilikuwa zikiichanganya na kuitengeneza, na ambayo ilikuwa nafuu kuliko ya kiwandani. Uchanganyaji huo kwa wingi uliruhusiwa kwa sababu dawa ya kiwandani ilikuwa kwenye orodha ya uhaba. Februari 2025 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikatangaza uhaba umekwisha, na famasi zikapewa hadi Aprili na Mei mwaka huo kusimamisha. Waliojenga bajeti zao juu ya bei ile ilibidi wachague: kuhamia dawa ya bei kubwa zaidi, kubadili tiba, au kuacha. Uhaba huwa una mwisho, na muuzaji alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Mteja alipaswa kuambiwa siku hiyohiyo.

Najua mtakavyojibu, maana mengine nimeshajibiwa.

Mtasema hamwezi kujua mgonjwa atafika dozi gani. Ni kweli, wengine hubaki katikati. Basi wekeni jedwali la dozi zote na bei zake, mistari mitano, mgonjwa ajisomee. Mnazo bei hizo, maana mnazitumia kukata.

Mtasema dawa ikishatoka famasini hairudishwi wala hairudishiwi pesa. Nakubali kabisa, nisingependa kudungwa sindano iliyozurura kwenye gari la mtu mwingine. Lakini siku ya kukata mnaichagua ninyi. Hivi sasa taarifa ya makato inakuja wakati oda imeshaingia famasini, yaani wakati hakuna kinachoweza kubadilishwa. Ileteni mapema.

Mtasema tunalipia urahisi. Sawa, uandikeni kwenye ankara: urahisi, kiasi kadhaa.

Na mtasema watengenezaji wa dawa ndio wanaopandisha bei. Pengine. Ankara yenye mistari ingekuwa shahidi wenu mzuri kwenye hilo, na nashangaa hamjaitaka kabla yangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kabla ya kuchukua namba ya kadi, mteja aonyeshwe gharama ya miezi 12 kwa jumla, ikihesabu makato yote 13, kwa dozi za kupanda na bila punguzo la kuanzia. Punguzo liwe mstari wa chini yake.

(b) Ankara itenganishe dawa kwa jina na dozi, ada ya daktari, usafirishaji, vifaa, vipimo na uanachama.

(c) Taarifa ya makato ije angalau siku 7 kabla oda haijaenda famasini, ikiwa na kiasi kamili na kitufe cha kusimamisha ndani ya ujumbe huohuo.

(d) Kujitoa kuwe palepale nilipojiungia, bila simu. Ile grafu yenye mstari mwekundu muiondoe. Hiyo ni kumtisha mgonjwa, na nisingetegemea daktari yeyote aisaini.

(e) Anayejitoa abaki na haki ya kumfikia daktari kwa siku 60 kwa ajili ya kupunguza au kuhamisha tiba, na kumbukumbu zake apewe bila masharti. Kadi ikikwama, boksi moja litoke kwanza, deni lidaiwe baadaye.

(f) Cheti cha dawa nipewe siku kinapoandikwa.

Kwa waliopewa nakala: (a), (b) na (f) msiziache kwenye hiari ya kampuni. Kampuni itakayotangaza bei ya mwaka peke yake itaonekana ghali mbele ya inayotangaza mwezi wa kwanza, na itarudi kuficha. Hapo ndipo tunawahitaji ninyi, ili zote zitangaze kwa kipimo kimoja.

Natarajia jibu la maandishi ndani ya siku 30, kutoka kwa mtu mwenye jina na cheo. Baada ya hapo nitawasilisha ankara zangu, picha za kurasa za kujitoa na majibu yenu yote kwa mamlaka ya kumlinda mlaji. Hadi wakati huo nitaendelea kulipa, kwa sababu nikikosa sindano mbili huenda nikarudishwa dozi ya mwanzo. Naomba malipo hayo msiyahesabu kama kuridhika.

Wasalaam,

Mteja wenu